Sura ya Tano: Msongo Unaposhuka Tumboni

Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilinyesha siku kadhaa mfululizo Walkerton, mji mdogo wenye watu wasiofika 5,000 katika eneo la wakulima na wafugaji la jimbo la Ontario, Kanada. Maji yalisomba samadi ya ng'ombe yakaiingiza kwenye kisima kimojawapo cha mji, kisima kisicho na kina cha kutosha, na klorini iliyowekwa haikufua dafu. Watu walifungua mabomba yao kama siku zote. Tangazo la kuchemsha maji lilipotoka tarehe 21, hospitali ilikuwa tayari inapokea watoto wanaoharisha damu. Watu 7 walifariki na takriban 2,300 waliugua. Tume ikaundwa, mabomba yakasafishwa, wahusika wakafikishwa mahakamani, na kwa wengi habari ikaishia hapo. Madaktari wa Ontario hawakuiacha. Waliendelea kuwafuatilia wakazi hao kwa miaka mingi, jambo ambalo halifanyiki mara kwa mara baada ya mlipuko wa kuhara, na walichokikuta ni msingi mzuri wa kuelewa uhusiano wa msongo, bakteria wa tumboni na afya ya akili.

Miaka miwili mitatu baada ya mlipuko, kati ya watu ambao kuugua kwao kulikuwa na ushahidi wa kitabibu, 36 katika kila 100 walikuwa na tumbo lisilotulia: maumivu ya kujirudia, kuharisha leo na kufunga choo kesho, tumbo kujaa gesi, na vipimo visivyoonyesha kidonda chochote. Kwa wale ambao hawakuugua kabisa, hali hiyo ilikuwa kwa watu 10 hivi katika 100. Baada ya miaka 8 idadi ya waliokuwa na dalili ilikuwa imepungua, lakini bado watu 15 hivi katika kila 100 wa wale walioathirika walikuwa wanateseka. Vijidudu vya mwaka 2000 vilikuwa vimekwisha kutoka miilini mwao zamani. Madaktari walipotafuta ni nani hasa waliobaki na shida, walikuta wanawake zaidi kuliko wanaume, vijana zaidi kuliko wazee, na wale walioshikwa na homa au kukonda wakati wa ugonjwa. Halafu kulikuwa na kundi jingine: watu waliokuwa na wasiwasi au sonona kabla ya maji kuchafuka. Huko Sheffield, Uingereza, wagonjwa waliolazwa kwa kuhara katika miaka ya 1990 walikuwa wameonyesha jambo hilo hilo. Waliopitia matukio mazito ya maisha kabla ya kuugua ndio ambao matumbo yao yalikataa kurudi katika hali ya kawaida.

Hoja ninayoijenga katika sura hii inatokana na hapo. Bakteria wa tumboni si chanzo cha sonona, na sioni ushahidi wa kutosha wa kuwaita tiba yake. Kazi yao inafanana zaidi na ya kipaza sauti, ambacho hakitungi hotuba lakini huifanya isikike mbali na kwa muda mrefu. Msongo ukidumu huvuruga utumbo na wakazi wake. Utumbo uliovurugika hupeleka habari mbaya kwenye ubongo. Ubongo nao huitikia kwa msongo zaidi. Mzunguko huo ukishakaza, unaweza kuendelea hata baada ya jambo lililouanzisha kupita. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kulipa deni, au aliyehama kwenye nyumba yenye ugomvi, anaweza kubaki tumbo joto na asiyelala, akajilaumu kwamba hana sababu ya kuwa hivyo.

Kwamba hisia hufika tumboni si habari mpya. Daktari wa jeshi la Marekani, William Beaumont, alimtibu Alexis St. Martin aliyepigwa risasi mwaka 1822 kwenye kisiwa cha Mackinac na kubaki na tundu lisiloziba kwenye tumbo lake. Kupitia tundu hilo Beaumont aliona kwa macho yake jinsi hasira ilivyovuruga usagaji wa chakula. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, aliripoti kwamba panya waliopatishwa mateso ya aina mbalimbali walionyesha mambo matatu yale yale: tezi za juu ya figo zilivimba, tezi ya kinga ya kifuani ilisinyaa, na vidonda vikatokea tumboni na kwenye utumbo. Lakini jaribio ninalolithamini zaidi ni la miaka ya karibuni, kutoka Leuven nchini Ubelgiji, kwa sababu linaonyesha njia yenyewe ndani ya mwili wa binadamu mwenye afya.

Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2014. Kila aliyejitolea alikunywa maji yenye aina mbili za sukari ambazo mwili hauzitumii kama chakula. Moja, manitoli, ni ndogo na hupenya ukuta wa utumbo bila taabu. Ya pili, laktulosi, ni kubwa. Ukuta ulio imara huizuia. Mkojo ulikusanywa ukapimwa: kadiri laktulosi inavyoonekana zaidi ikilinganishwa na manitoli, ndivyo ukuta unavyovuja. Kisha watu hao hao walitakiwa kutoa hotuba hadharani, kazi ambayo huwatoa jasho hata watu wazima. Ukuta wa utumbo mdogo ulilegea, lakini kwa wale tu ambao homoni ya msongo, kortisoli, ilipanda kwa kiasi kikubwa. Waliobaki watulivu hawakuvuja. Watafiti walipowadunga watu homoni ambayo ubongo huitumia kuanzisha mwitikio wa msongo, walipata matokeo kama hayo bila hotuba yoyote. Na walipowapa kwanza dawa inayozituliza seli za kinga zilizojaa histamini ndani ya ukuta wa utumbo, kulegea hakukutokea. Kwa hiyo tuna mwanzo, katikati na mwisho wa njia: ubongo unatoa ishara, seli za kinga ukutani zinaitikia, mlango unafunguka. Hotuba moja haimdhuru mtu. Tatizo ni mwili ulio katika hali hiyo kila siku kwa miezi, kwa sababu ya kodi ya nyumba isiyolipika, ndoa ya vitisho, au kazi ambayo mtu haijui kesho yake.

Wakazi wa utumbo nao hawasalimiki. Hesabu iliyofanywa mwaka 2016 inakadiria kwamba mtu mzima ana bakteria takriban trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli za mwili wake mwenyewe. Ile kauli kwamba wanatuzidi mara kumi ilikuwa makadirio ya zamani yaliyorudiwa tu bila kukaguliwa. Tangu mwaka 1974 inajulikana kwamba panya walionyimwa chakula, maji na matandiko walipoteza sehemu kubwa ya bakteria wao wa kundi la laktobasili. Miaka ya 1990 ikaonekana pia kwamba noradrenalini, kemikali ambayo mwili huimwaga wakati wa hofu, huweza kuchochea ukuaji wa baadhi ya bakteria wa kundi la E. koli. Ongeza hapo mambo ya kawaida zaidi: mtu mwenye msongo huruka chakula, hula usiku, hunywa pombe, hukosa usingizi, na mwendo wa utumbo wake hubadilika. Bakteria waliokuwa wanachachusha nyuzinyuzi za maharage na mboga na kutoa asidi inayolisha ukuta wa utumbo hukosa malighafi. Ukuta uliolegea na bakteria walioparaganyika ni mchanganyiko ambao kinga ya mwili haiwezi kuufumbia macho.

Safari ya kurudi, kutoka tumboni kwenda kichwani, ndiyo inayopotoshwa zaidi. Watu hupenda kutaja kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, kisha wakahitimisha kwamba furaha hutoka huko. Serotonini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo. Hufanya kazi yake tumboni, hasa ya kuusukuma utumbo na kuziamsha neva zake, na ubongo hujitengenezea ya kwake. Njia zenye ushahidi ni nyingine. Ya kwanza ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo hadi tumboni, na ambayo takriban nyuzi 80 katika kila 100 hupeleka habari juu kwenye ubongo badala ya kuleta amri chini. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni kinga ya mwili inayowaka bila kuzimika. Kabla ya vidonge vipya vya homa ya ini aina ya C kupatikana katika muongo wa 2010, wagonjwa wengi walitibiwa kwa sindano za interferoni, kemikali ambayo mwili wenyewe huitoa unapopambana na virusi. Sehemu kubwa yao, karibu robo hadi theluthi, walipata sonona kamili ndani ya miezi michache: huzuni, uchovu, kukosa hamu ya kula, hata mawazo ya kujiua. Hapo haikuwa bahati mbaya ya watu wawili kukutana njiani. Kinga iliwashwa kwa makusudi, na moyo ukazama.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, waliunganisha ncha hizo mbili, tumbo na kichwa. Waliwalea panya katika mazingira yasiyo na kijidudu hata kimoja, kisha wakawabana kwenye mrija kwa muda. Homoni zao za msongo zilipanda kuliko za panya wa kawaida. Walipopewa aina moja ya bifidobakteria, mwitikio huo ulishuka ukawa wa kawaida. Na kuwapa panya hao bakteria kutoka kwa wenzao wa kawaida kulisaidia walipokuwa wadogo, si walipokwisha kukua. Mfumo wa kupokea msongo, kwa maneno mengine, hujifunza kipimo chake mapema, na bakteria wamo miongoni mwa walimu wake.

Msomaji makini atauliza hapa: panya wanatuhusu nini? Swali ni la haki, na historia fupi ya taaluma hii inalipa nguvu. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa Cork, Ireland, pamoja na wenzao wa Kanada, walionyesha kwamba aina fulani ya laktobasili iliwapunguzia panya woga na kortikosteroni, homoni yao ya msongo, na kwamba neva ya vagasi ikikatwa faida hiyo hupotea. Dunia ikashangilia. Mwaka 2017 kundi hilo hilo la Cork likawapa bakteria hao wanaume 29 wenye afya, na hawakupata tofauti yoyote ya maana na kidonge kisicho na kitu. Nawaheshimu kwa kuyachapisha matokeo hayo waziwazi. Mwaka 2020 wanasayansi wengine walikagua tafiti 38 ambazo kinyesi cha wagonjwa kilipandikizwa kwa panya, wakakuta kwamba asilimia 95 zilidai ugonjwa umehamia kwa mnyama. Kiwango hicho cha ufanisi hakiaminiki. Ndiyo maana sijengi hoja yangu juu ya panya peke yao. Laktulosi ya Leuven ilipimwa kwenye mkojo wa watu. Interferoni ilidungwa watu. Walkerton ni mji wa watu. Panya wanatusaidia kufikiri kuhusu mitambo iliyo katikati, basi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu watu 1,054 wa Flanders, Ubelgiji, ulikuta kwamba jamii mbili za bakteria, Koprokoka na Dialista, zilikuwa pungufu kwa wenye sonona, hata baada ya kuzingatia matumizi ya dawa za sonona. Lakini mtu aliyezama katika huzuni hali kama zamani, hatembei, hapiki. Huenda sonona ndiyo iliyowafukuza bakteria. Nakubali kwamba picha moja ya siku moja haiwezi kulimaliza swali hilo. Linahitaji kufuatilia watu kwa miaka, na watafiti wa Australia walifanya hivyo kwa miaka 12 katika eneo la Penrith. Watu wasio na shida ya tumbo lakini wenye wasiwasi mwingi mwanzoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shida ya tumbo baadaye. Na watu wenye shida ya tumbo, ambao mwanzoni walikuwa na akili tulivu, walikuwa na viwango vya juu zaidi vya wasiwasi na sonona mwishoni. Barabara ilipitika pande zote mbili. Anayesema yote yanaanzia kichwani amekosea kwa sehemu, na anayesema yote yanaanzia tumboni amekosea kwa sehemu ileile.

Lipo onyo ambalo waandishi wa afya hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Wazo la kwamba wazimu hutoka tumboni limewahi kuua. Henry Cotton, aliyeongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Trenton, New Jersey, kuanzia mwaka 1907, aliamini kwamba maradhi ya akili yanatokana na sumu ya bakteria waliojificha mwilini. Alianza kwa kung'oa meno ya wagonjwa, akaendelea na mafindofindo, kisha akawakata utumbo mpana. Hakukuwa na antibiotiki. Wengi walikufa mezani au siku chache baadaye, na wengine hawakuwa wameombwa idhini. Magazeti ya wakati huo yalimsifu kama mkombozi. Kosa la Cotton halikuwa kulitazama tumbo. Lilikuwa kuchukua kiungo kimoja cha mnyororo na kukiita mnyororo mzima, kisha kutenda kwa uhakika ambao hakuwa na haki nao. Anayeuza leo chupa ya bakteria kwa mgonjwa wa sonona huku akimwambia aache dawa za hospitali amefanya kosa lile lile, ingawa kisu hakipo. Jaribio moja la London, lililochapishwa mwaka 2023, liliwahusisha watu wazima 49 wenye sonona; waliopewa mchanganyiko wa aina 14 za bakteria kwa wiki 8, dalili zao zilipungua zaidi ya wale waliopewa vidonge vitupu. Matokeo hayo yanatia moyo. Lakini watu 49 ni wachache, na wote walikuwa wanaendelea na dawa zao; bakteria walikuja kuongezea nguvu.

Kwenye chakula nina imani zaidi. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake wa Australia walitangaza matokeo ya watu 67 wenye sonona ya wastani hadi kali, wengi wao wakiwa tayari kwenye matibabu. Kwa kura, nusu walipata vikao na mtaalamu wa lishe na kuhimizwa kula mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni. Nusu walipata vikao vya mazungumzo ya kirafiki. Baada ya wiki 12, waliopona walikuwa 32 katika 100 kwa kundi la chakula na 8 katika 100 kwa kundi la mazungumzo. Mtu hawezi kufichwa asijue anakula nini, kwa hiyo matumaini ya mgonjwa yalichangia kwa kiasi fulani, hilo halikwepeki. Hata hivyo matokeo yanakwenda sambamba na yale yaliyopatikana Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025. Huko, wanaume 77 wenye afya walishiriki. Watu wa vijijini waliozoea ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya kisasa vya kusindikwa. Wa mjini walihamishiwa kwenye chakula cha asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Kwa waliohamia chakula cha kisasa, alama za mwako wa kinga kwenye damu zilipanda, na seli zao za kinga zikadhoofika katika kuwakabili vijidudu. Waliokwenda upande wa pili mwako ulipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Wiki mbili tu! Mbege ina kileo na siipendekezi kwa mgonjwa wa sonona, lakini kuchachuka kwa ndizi na kimea cha ulezi ni elimu ya bakteria ambayo wazee wa Uchagani walikuwa nayo kabla ya darubini yoyote.

Kuna watakaosema kwamba kuzungumzia maharage mbele ya mtu aliyefilisika au anayepigwa na mumewe ni dhihaka. Kwamba tiba ya msongo ni haki na kipato. Nakubaliana nao kuliko wanavyodhani. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake watu wazima wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mgonjwa atatue tatizo moja la maisha yake kwa wakati. Katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi 6 dalili zilibaki kwa watu 14 katika 100 waliokaa kwenye benchi, dhidi ya 50 katika 100 waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Hakuna chupa ya bakteria iliyowahi kukaribia hapo. Msongo ndio mwanzo, na kuupunguza kunatangulia. Lakini umaskini hauishii nje ya ngozi. Unaingia kupitia maji machafu yanayoleta kuhara kwa kujirudia, kupitia antibiotiki zinazonunuliwa dukani bila kipimo, na kupitia mkate mweupe na soda ambazo mjini hushibisha haraka kuliko kunde zinazohitaji mkaa wa saa mbili. Anayetetea haki ya maskini ana sababu ya kuutetea utumbo wake pia.

Kliniki zetu bado zimegawanyika pasipogawanyika mwili. Mwenye tumbo lisilotulia hupimwa kinyesi na kupigwa picha, na haulizwi analala vipi wala nini kimempata mwaka huu. Mwenye sonona huulizwa usingizi na mawazo ya kifo, na haulizwi choo chake, wala kuhara alikopitia, wala anakula nini siku mfuko ukiwa mtupu. Maswali hayo hayahitaji mashine. Hojaji fupi ya maswali 9 ya kupima sonona imekwisha kutafsiriwa na kuhakikiwa kwa Kiswahili, na hujazwa kwa dakika chache. Jaribio la Kilimanjaro liliundwa kuangalia kinga na kemia ya damu. Lijalo la aina hiyo liwape washiriki hojaji hiyo siku ya kwanza, wiki ya pili na mwezi wa sita, liwachukue wanawake pamoja na wanaume, na liwatafute hasa wale ambao maisha yamewaelemea.